Anayeimba kwao huingia deni: Funzo la hip-hop ya Arusha kwa vijana wa Usa River

HATUA ya msanii Abdulaziz Chende, maarufu kwa jina la Dogo Janja, kujitosa mwaka 2025 katika kinyang'anyiro cha udiwani wa Kata ya Ngarenaro jijini Arusha kupitia Chama Cha Mapinduzi (CCM), inaweza kutazamwa kama habari nyingine ya msanii anayekimbilia siasa.

Hata hivyo, ipo sababu ya kuitafakari kwa kina zaidi. Miaka michache kabla ya hapo, msanii huyo alikuwa ametoa wimbo uliobeba jina la kata hiyo hiyo, Ngarenaro, mahali alikokulia kabla ya kwenda Dar es Salaam akiwa bado mvulana, kutafuta riziki ya muziki chini ya kundi la Tip Top Connection la Manzese.

Aliyeitaja Ngarenaro mbele ya kinasa sauti ndiye aliyerudi kuiomba Ngarenaro ridhaa ya kuiongoza.

Tukio hilo linaibua swali ambalo mashabiki wa muziki wa kizazi kipya hawajalijadili vya kutosha. Je, kijana anapoimba kwamba anapenda kwao, anatoa sifa tu, au anaingia katika deni ambalo siku moja watu wa kwao watamdai?

Swali hilo lina uzito wa pekee Usa River, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 20 mashariki mwa Jiji la Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, ambao pia ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru.

Vijana wa mji huo wanasikiliza muziki ule ule na kuzungumza kwa lafudhi ile ile ya machalii wa 'Chuga', kama Arusha inavyoitwa mitaani. Lakini jina la mji wao halijapata umaarufu katika hip-hop kama yalivyopata majina ya Ngarenaro na Kijenge.

Kwetu isiyo ya ukoo

Ili kuuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kuanza na neno lenyewe: kwetu.

Katika jamii nyingi za Tanzania, mtu akiulizwa "kwenu ni wapi?", hatarajiwi kutaja nyumba anayopanga wala mtaa aliokulia. Anatarajiwa kutaja mahali alikozikwa babu yake. Mtu aliyezaliwa na kukulia Ilala atajibu kuwa kwao ni Rombo, Bukoba au Songea, hata kama amefika huko mara mbili tu maishani, na mara zote amekwenda kuzika.

Ndiyo maana kila Desemba mabasi yaendayo mkoani Kilimanjaro hujaa watu wanaorudi migombani. Kwetu, kwa maana hiyo, ni ukoo, ardhi na makaburi.

Hip-hop imelileta jibu jingine. Mchanaji wa Arusha akiulizwa kwao ni wapi, hutaja mtaa: Kijenge, Kaloleni, Ngarenaro, Unga Limited, Sakina au Majengo. Ndani ya mtaa huo yumo Mmeru, Mwarusha, Mchaga, Mrangi, Mpare, Msomali na Mmasai, na wote wana haki sawa ya kuuita kwao.

Hilo si jambo dogo. Taifa lilifanikiwa kuwapa vijana wa mijini lugha moja, lakini halikuwapa mahali pa pamoja pa kupaita nyumbani. Mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa mjini aliendelea kuhesabiwa kuwa mgeni pale alipozaliwa, na mgeni vilevile kule alikotoka baba yake. Muziki wa mitaani ulimpa kwao bila kumuuliza kabila.

Usa River inaielewa hali hiyo vizuri kuliko miji mingi. Mashamba makubwa ya kahawa ya enzi za walowezi, na baadaye mashamba ya maua yaliyoanza kushamiri mkoani Arusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yalivuta vibarua kutoka kila upande wa nchi. Wajukuu wao wamezaliwa Leganga na vitongoji vya jirani, wamesoma hapo, na hawana mahali pengine wanapopafahamu kwa undani. Kwa kijana wa namna hiyo, mstari mmoja unaosema "kwetu ni hapa" hufanya kazi ambayo kitambulisho hakiwezi kuifanya.

Mtaa kama bendera

Desturi ya kutaja mtaa haikuzaliwa Afrika Mashariki. Hip-hop yenyewe ina anwani. Historia yake huanzia katika sherehe aliyopiga muziki DJ Kool Herc Agosti 11, 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, eneo la Bronx, jijini New York.

Katikati ya miaka ya 1980, MC Shan alipotoa wimbo wa kuusifu mtaa wake wa Queensbridge, kundi la Boogie Down Productions lilimjibu kwa wimbo uliobeba jina la South Bronx. Ulikuwa ugomvi wa muziki, lakini ndani yake mlikuwa na hoja nzito: nani ana haki ya kuuzungumzia utamaduni huo, na kwa niaba ya mahali gani. Mwaka 1988 kundi la N.W.A likaifanya Compton, mji mdogo wa California, ifahamike duniani kote kwa jina la albamu.

Tanzania ilipoanza kurapu, kazi ya kwanza ilikuwa kuigeuza lugha. Mwaka 1991, Saleh Jabir alichukua mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice na kuuwekea maneno ya Kiswahili. Baada ya lugha kukubalika, vijana walianza kuitaja mitaa yao.

Jijini Dar es Salaam, Temeke ilipata sauti kupitia Gangwe Mobb na baadaye TMK Wanaume, huku Upanga ikisimama na East Coast Team. Miaka kadhaa baadaye, Chid Benz wa Ilala alilitaka jiji zima lisimame kwa kibao chake cha 'Dar es Salaam Stand Up'. Mwanza ilipata mtetezi wake katika Fid Q, aliyeipa mojawapo ya nyimbo zake jina la jiji hilo.

Lakini wimbo unaofaa kuangaliwa kwa makini zaidi katika orodha hiyo ulitoka Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wagosi wa Kaya, kundi la Mkoloni na Dk John, walitoa 'Tanga Kunani'. Badala ya kuutukuza mji wao, waliuliza umepatwa na nini.

Swali hilo lilikuwa na msingi. Tanga ilikuwa mji wa bandari, reli, viwanda na mkonge, zao ambalo uzalishaji wake nchini ulifikia takriban tani 230,000 mwaka 1964 kabla ya kuporomoka katika miongo iliyofuata. Kizazi cha Wagosi wa Kaya kilikulia katika masalia ya ustawi huo. Kwa kuuliza hadharani, walionyesha kwamba mtu anaweza kuupenda mji wake na kuudai maelezo kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nyimbo za kupenda kwao zinapogawanyika. Zipo zinazotaja jina la mahali ili kupata makofi, na zipo zinazotaja jina hilo ili kueleza jambo linalotendeka hapo. Za aina ya kwanza huchangamsha ukumbi. Za aina ya pili hukaa zaidi midomoni mwa watu, kwa sababu wanaoishi mahali hapo hujiona ndani yake.

Arusha kabla ya sifa

Jiji la Arusha limejulikana duniani kwa mambo mengi yasiyohusu wakazi wake wa kawaida. Lilitoa jina la Azimio la Arusha mwaka 1967. Lilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda hadi ilipofungwa mwaka 2015. Bill Clinton, akiwa Rais wa Marekani, alipofika mwaka 2000 kushuhudia utiaji saini wa makubaliano ya amani ya Burundi, aliufananisha mji huo na Geneva, na wenyeji wakaifanya sifa hiyo kuwa jina la utani.

Hali ni hiyo hiyo mashariki mwa jiji. Dunia iliona mandhari ya Momella katika filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyoongozwa na umaarufu wa John Wayne, na hadi leo magari ya watalii hupita Usa River kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560, umepigwa picha nyingi kuliko watu wanaolima chini yake.

Hip-hop ya Arusha iliingia katika pengo hilo. Kundi la X Plastaz, lililoanzishwa mwaka 1996, lilichanganya michano ya Kiswahili na uimbaji wa Kimasai wa Merege, na mwaka 2004 albamu yake ya 'Maasai Hip Hop' ilitolewa na kampuni ya Out Here ya Ujerumani. Mashabiki wa Ulaya walivutiwa na shuka nyekundu na mapambo ya shanga. Wasikilizaji wa nyumbani walisikia zaidi, kwani nyimbo za kundi hilo zilihusu njaa, dhiki na vijana wasio na kazi.

Kundi hilo lilipata pigo mwaka 2006 pale mmoja wa nguzo zake, Faza Nelly, alipouawa. Mwenzake, Gsann, aliendelea, na mwaka 2009 alishiriki katika kipengele cha wachanaji kwenye tuzo za hip-hop za kituo cha televisheni cha BET nchini Marekani.

Kijenge nako ilikuwa na Watengwa, kundi la akina JCB na Chindo. Jina lao pekee ni maelezo tosha ya jinsi walivyoiona nafasi yao katika mji wa mikutano ya kimataifa. Walikuwa wakiishi mwendo mfupi kutoka kumbi ambako amani ya nchi nyingine ilikuwa ikijadiliwa, na wakajiita waliotengwa.

Kisha wakaja Nako 2 Nako Soldiers na River Camp Soldiers, ambao wasanii wao waliungana baadaye kuunda Weusi, kundi la Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako, Lord Eyez na Bonta. Joh Makini alijipachika jina la Mwamba wa Kaskazini. Kwa jina hilo hakuusemea mtaa pekee, aliisemea kanda nzima.

Majina ya maji

Msikilizaji akiyachunguza majina ya maeneo yanayotajwa na wasanii hao, atagundua jambo ambalo wenyeji wamelizoea kiasi cha kutoliona. Mengi yake ni majina ya maji.

Ngarenaro limetokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji meusi. Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki ya Mlima Meru, ni maji mekundu. Usa River ni mto, na jirani yake ni Maji ya Chai. Wakazi wa eneo hili walipapa mahali majina kwa kufuata kilichowaleta, yaani vijito vitokavyo mlimani.

Maji hayo hayo yamewaachia alama. Vyanzo vingi vinavyozunguka Mlima Meru vina madini ya floraidi kwa kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yakiota hubaki na madoa ya kahawia maisha yake yote, na pale kiwango kinapokuwa kikubwa sana, mifupa nayo huathirika.

Tatizo hilo limekuwapo kwa muda mrefu kiasi kwamba Serikali ilianzisha kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi huko Ngurdoto, ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kuchuja maji ya kunywa.

Kijana wa Arumeru anayekwenda kusoma au kutafuta kazi mikoa mingine hutambulika anapocheka, na wengi wamewahi kutaniwa kwa sababu hiyo. Kwao amekubeba mdomoni, kabla hata hajafungua kinywa kuchana.

Kama ipo mada inayostahili wimbo wa kupenda nyumbani katika ukanda huu, ni hiyo. Inamhusu kila mtu, inaunganisha mlima unaosifiwa na maji yanayodhuru, na inambana kiongozi anayeomba kura. Ni 'Tanga Kunani' ya Meru inayongoja mwandishi.

Waliopoteza kwao

Usa River na vijiji vyake vina historia nyingine inayoweza kumfunza mchanaji maana ya kupenda kwao. Ni historia ya watu walionyang'anywa mahali pao.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wachache wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Wananchi walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Safari hiyo haikuirudisha ardhi mara moja, lakini iliufanya mgogoro wa kijiji kuwa suala la kimataifa, na kesi hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyoamsha ari ya kudai uhuru wa Tanganyika. Kirilo Japhet alisimama mbele ya wakubwa wa dunia akataja jina la mahali ambako wasingeweza kupaona kwenye ramani zao. Hiyo ndiyo kazi ambayo kila mchanaji wa kweli hudai kuifanya.

Miongo miwili baadaye, eneo hilo hilo lilipokea watu waliopoteza kwao kwa namna nyingine. Pete O'Neal, aliyeongoza tawi la Black Panther la Kansas City, aliikimbia Marekani mwaka 1970 baada ya kutiwa hatiani kwa kosa la kusafirisha bunduki kati ya majimbo. Alifika Tanzania mwaka 1972 na hatimaye akaweka makazi Imbaseni, si mbali na Usa River, pamoja na mkewe Charlotte.

Mwaka 1991 walianzisha hapo kituo cha kijamii cha United African Alliance, ambacho kiliwapa vijana wa vijiji hivyo mafunzo bila malipo, sanaa, na hata studio ya kurekodia. Charlotte, anayefahamika kama Mama C, ni mshairi na mwanamuziki ambaye amekuwa karibu na wasanii wa hip-hop.

Alikuwapo pia Geronimo ji Jaga, mpiganaji wa Black Panther aliyekaa gerezani miaka 27 kabla ya hukumu yake kutenguliwa. Huyu alikuwa baba wa ubatizo wa Tupac Shakur, msanii ambaye picha yake imechorwa ubavuni mwa daladala na vibanda vya vinyozi kote Tanzania. Geronimo alifariki dunia Imbaseni Juni 2, 2011.

Vijana wengi wanaovaa fulana zenye sura ya Tupac hawafahamu kwamba baba yake wa ubatizo aliishi na kufa mwendo mfupi kutoka stendi ya Usa River. Mji huu haukuwa pembezoni mwa historia ya hip-hop kama unavyodhaniwa. Kilichokosekana ni wa kuisimulia.

Mcheza kwao na tuzo ya ugenini

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Uzoefu wa wasanii wa Arusha umekuwa kinyume cha methali hiyo. Walioimba kwao walitunzwa Dar es Salaam.

Vituo vikubwa vya redio na televisheni, kampuni zinazodhamini matamasha na ofisi za matangazo ya biashara ziko huko. Dogo Janja alikwenda Manzese. Weusi, pamoja na majigambo yote ya Kaskazini, walilazimika kulifanya jiji hilo kuwa uwanja wao wa kazi. Haki ya kulaumu haipo, kwani msanii hawezi kula sifa.

Lakini umbali una gharama. Mtaa unaoimbwa kutoka mbali huanza kuganda katika kumbukumbu ya msanii. Anaendelea kuwataja machalii wa kijiweni aliowaacha, wakati baadhi yao wamekwishakufa, wengine wanaendesha bodaboda, na kijiwe chenyewe kimegeuzwa kuwa fremu za maduka.

Gharama nyingine ni kwamba picha ya kwao hubaki ya kiume. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Usa River walikuwa wanawake, waliotoka nyumbani alfajiri kwenda kukata na kufunga waridi zilizosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Ua hilo lilifika mbali kuliko jina la mji lilikokatwa. Binti huyo wa shambani anapenda kwao kama anavyopapenda kijana wa kijiweni, ila katika nyimbo za mitaa ya Arusha amesikika kwa nadra. Dineh wa X Plastaz alikuwa mmoja wa wachache.

Ipo pia hatari ya majigambo yenyewe. Sifa ya ugumu wa 'Chuga' imewapa vijana kujiamini, lakini imewahi pia kuwafanya baadhi yao waamini kwamba kuwa wa mtaa fulani ni kuwa tayari kwa ngumi au kisu. Wimbo unaosifu ugumu bila kutaja anayeumia unaupenda mtaa nusunusu.

Deni na wanaolilipa

Siasa imelidhihirisha deni la wimbo kwa namna ya wazi. Joseph Mbilinyi, maarufu Sugu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kupitia CHADEMA mwaka 2010 na kukitumikia kiti hicho hadi 2020. Joseph Haule, Profesa Jay, alishinda Mikumi mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, MwanaFA, aliyejulikana awali kupitia East Coast Team ya Upanga, alirudi kuomba kura Muheza mkoani Tanga, akashinda mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa naibu waziri. Afande Sele alijaribu Morogoro Mjini mwaka 2015 na hakufanikiwa.

Kwa upande wa Arusha, Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Huyo hakuomba kura za kwao, bali alipelekwa kuwaongoza watu wa kwao wengine.

Mifano hiyo haimaanishi kwamba kila mchanaji awe mgombea. Inaonyesha kwamba wananchi huweka kumbukumbu. Aliyesema kwa niaba ya mtaa atapimwa na mtaa, na mizani yake haitakuwa idadi ya waliotazama video, bali hali ya mfereji, barabara na ajira alivyovikuta na alivyoviacha.

Katika maana ya zamani, kwetu ilikuwa na wajibu unaojulikana: kuchangia msiba, kumsomesha mtoto wa ndugu, kujenga walau chumba kimoja kwenye ardhi ya baba. Ikiwa hip-hop imewapa vijana kwetu mpya ya mtaa, basi wajibu nao umehamia huko. Hauwezekani upendo ukahama na wajibu ukabaki kijijini.

Nafasi ya Usa River

Kwa upande wa Usa River, mambo ya kuanzia yapo. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilicho katika mji huo, hufundisha muziki kwa kiwango cha shahada. Kijana anayechana nje ya uzio wa chuo na mwanafunzi anayesoma nota ndani yake ni majirani. Wakikutanishwa, mmoja ana maneno na mwingine ana ufundi wa kuyapangia ala.

Aidha, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya makundi maalumu, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Vikundi vya bodaboda na ufugaji wa kuku vimezoeleka katika mikopo hiyo. Hakuna sababu ya msingi ya kukitilia shaka kikundi cha sanaa chenye mpango mzuri wa studio, mradi kitimize masharti kama vingine.

Mwaka 2022 Taasisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) iligawa mirabaha kwa wasanii ambao nyimbo zao zilipigwa redioni. Anayetaka kuula muziki bila kuhama anapaswa kuanza kwa kusajili kazi zake, jambo ambalo wasanii wachanga wa miji midogo wamekuwa wakilipuuza.

Yote hayo, hata hivyo, ni vyombo tu. Yaliyomo katika wimbo yatabaki kuwa jukumu la kijana mwenyewe. Barabara ya njia nne iliyojengwa kutoka Sakina mwishoni mwa miaka ya 2010 iliishia Tengeru, kilomita chache kabla ya kuifikia Usa River. Wenyeji waliona lami pana ikikoma jirani yao.

Upo ushairi wa kutosha katika jambo hilo. Upo pia katika maji yenye rangi ya chai, katika waridi lililokatwa alfajiri, katika safari ya Kirilo Japhet na katika mauti ya Geronimo. Hakuna msanii wa Ngarenaro wala wa Manzese atakayekuja kuyaandika hayo kwa niaba ya Usa River. Naye kijana wa mji huo atakayeyaandika ajue mapema kwamba, siku akirudi, mji utakuwa umekariri kila neno alilolisema.